Fahamu: Daktari wa wanyama anajifunza nini kwa mnyama asiye na mwenyewe?

Brussels haina tena kitivo cha udaktari wa wanyama. Chuo cha Cureghem, mtaani Anderlecht, kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Liège mwaka 1969, na kufikia 1991 kilikuwa kimehamia Sart-Tilman. Wagonjwa, hata hivyo, wamebaki mjini. Anderlecht hiyohiyo ina kituo cha Veeweyde, kinachohifadhi mbwa na paka waliotelekezwa.

Mafunzo ya vitendo katika vituo vya aina hii yana mantiki yake. Kwenye kliniki unamtibu paka mmoja mwenye mafua. Kituoni unawaza chumba kizima. Mgeni anachanjwa siku anayofika, anatengwa, na daktari ananawa kabla ya kugusa kizimba kinachofuata. Kufunga uzazi ni kazi ya kila siku, maana tangu 2018 sheria ya Brussels inalazimisha paka wa kufugwa wafungwe uzazi.

Kwa wanyamapori wanaoletwa vituoni, upole ni kukaa mbali. Kalunguyeye aliyejeruhiwa anawekwa gizani, kimya, bila kubembelezwa, na swali gumu linaulizwa mapema: ataweza kuishi tena porini? Kama hawezi, kumwondolea mateso nako ni tiba.

Kwetu Afrika Mashariki na jirani zake, shule ya namna hii ipo. Kituo cha Lwiro, Kivu Kusini, kinalea sokwe walionusuriwa mikononi mwa majangili. Vyuo vya Sokoine, Nairobi na Makerere viwapeleke wanafunzi wengi zaidi kwenye vituo kama hivyo, na viwagharimie.