Barua Iliyopotea Njiani: Somo la Uwezekano Kutoka Tabora

Mji wa Tabora, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliujua kwa jina la Kazeh, ulikuwa njia panda ya misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe. Hapo iligawanyika: moja ikaelekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh mwezi Novemba. Katika safari ndefu namna hiyo mengi huweza kuharibika: homa, njaa, vita, au wapagazi kutoroka.

Barua nazo zilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1869 David Livingstone aliandika barua nyingi huko Ujiji ili zipelekwe Unguja, lakini nyingi kati yake hazikufika. Huko Ulaya watu wakawa wanajiuliza: je, angali hai? Makala hii yakusudia kuonyesha jinsi hisabati ya uwezekano inavyotusaidia kulifikiri swali la namna hiyo. Tarakimu tutakazozitumia ni za zoezi tu, si kumbukumbu za historia.

Matukio yanayofuatana

Tuchukulie kwamba uwezekano wa barua kufika salama kutoka Ujiji hadi Tabora ni 4/5, na kwamba barua iliyokwisha kufika Tabora ina uwezekano wa 3/4 wa kufika Bagamoyo. Ili barua ifike pwani ni lazima matukio yote mawili yatokee; kwa hiyo twazidisha: 4/5 × 3/4 = 3/5.

Sasa barua haikufika. Je, kuna uwezekano gani kwamba ilipotelea baina ya Tabora na pwani? Wanafunzi wengi hujibu upesi: 1/4. Jibu hilo si sahihi. Hebu tuzihesabu barua 100. Barua 20 zapotea kabla ya Tabora, na 80 zafika. Katika hizo 80, robo yake, yaani 20, zapotea mbele ya safari, na 60 zafika pwani. Basi zilizopotea ni 40, na kati yake 20 zilipotelea baada ya Tabora. Jibu ni 20/40, yaani 1/2. Habari kwamba barua imepotea imebadili kundi tunalolihesabu: hatuzihesabu tena barua 100, bali zile 40 tu. Huo ndio uwezekano wenye sharti.

Nakala mbili

Mwandishi mwenye busara angetuma nakala mbili kwa tarishi wawili. Ikiwa safari zao hazitegemeani hata kidogo, uwezekano wa nakala zote mbili kupotea ni 2/5 × 2/5 = 4/25. Hivyo uwezekano wa angalau moja kufika ni 1 − 4/25 = 21/25, yaani asilimia 84.

Lakini je, ni kweli kwamba hazitegemeani? Mwaka 1871 vita baina ya Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya kawaida ya Ujiji, hata Stanley akalazimika kuzunguka upande wa kusini ili amfikie Livingstone. Njia ikifungwa, imefungwa kwa tarishi wote. Tuseme basi kwamba njia ya Ujiji hadi Tabora ina uwezekano wa 1/5 wa kufungwa kwa wote, na 4/5 wa kuwa wazi kwa wote. Na kwamba baada ya Tabora kila tarishi hufuata bahati yake. Uwezekano wa angalau nakala moja kufika ni 4/5 × (1 − 1/16) = 3/4, yaani asilimia 75 tu. Hata tukituma nakala 100, hatuwezi kuipita 4/5. Kabla ya kuzidisha, ni lazima tuulize kama hatari ya mmoja ndiyo hatari ya mwenzake.

Ukimya una maana gani?

Turudi kwa wale waliokuwa wakingoja. Tuchukue wasafiri 100, na tuseme 90 wako hai na 10 wamekufa. Kila aliye hai atuma barua moja. 3/5 ya barua hizo, yaani 54, zafika, na 36 zapotea. Waliokufa hawaandiki. Basi wasafiri wasiosikika ni 36 + 10 = 46, na kati yao 36 wako hai. Uwezekano kwamba msafiri asiyesikika yu hai ni 36/46, karibu asilimia 78. Ukimya umepunguza tumaini kutoka asilimia 90, lakini haukuliondoa. Anayesema “hakuandika, basi amekufa” amesahau kuihesabu njia. Na kweli, mwishoni mwa mwaka 1871 Livingstone alikutwa Ujiji akiwa hai.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kutumia makopo mawili. Katika la kwanza atie maharage 5, moja likiwa jeusi. Katika la pili maharage 4, moja likiwa jeusi. Mwanafunzi achote harage moja bila kutazama. Jeusi ni barua iliyopotea. Akipata jeupe, aende kopo la pili. Kila mara harage lirudishwe. Darasa likirudia mara 100 na kuandika matokeo katika mchoro wa mti, litaona hesabu zikikaribia 20, 20 na 60, ingawa si lazima zilingane nazo kabisa.

Zoezi: nakala zikiwa tatu, na njia ya Ujiji ni ile moja ifungwayo kwa wote, uwezekano wa angalau moja kufika pwani ni ngapi? (Jibu: 63/80.)