Neno "Kuchemsha" na Hitilafu za Joto katika Injini

Lugha ya karakana ni hazina ambayo wafasiri wetu bado hawajaichota vya kutosha. Fundi hutaja hitilafu kwa neno moja, dereva akamwelewa, na kazi ikaendelea. Lakini neno hilohilo likiingizwa katika kitabu cha maelekezo, katika somo la ufundi au katika hati ya kuomba matengenezo, halina tena fundi wa kulifafanua. Makala haya yanachunguza neno kuchemsha, ambalo limebebeshwa hali kadhaa zilizo mbalimbali, ilhali kila hali ina tiba yake.

Tuanze na sarufi. Maji huchemka, mpishi huchemsha maji. Fundi asemapo "gari linachemsha" hajavunja kanuni yoyote: shamirisho limeachwa kwa kuwa linaeleweka, yaani gari linachemsha maji yake. Kwa hiyo hapana haja ya kumsahihisha. Mushkeli haumo katika sarufi bali katika maana.

Tuchukue mfano wa Land Rover ya zamani, ya aina ya Series III iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Gari hilo latoka Makambako kwenda Ramadhani, mjini Njombe, mwendo wa kilomita zipatazo 60 katika nchi ya milima. Dereva afikapo aeleza kwamba gari limechemsha. Msikilizaji aweza kuelewa mojawapo ya hali hizi:

(a) Injini imepata moto. Hii si hitilafu. Injini hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la kutosha, na ndiyo sababu ikawekwa thamostati, ambayo huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie joto fulani, aghalabu kati ya nyuzi 75 na 90 za Selsiasi.

(b) Injini imepata moto kupita kiasi. Hapa chuma chenyewe kimezidi joto linalostahili, hata kama mvuke haujaonekana. Fundi hutazama mkanda wa feni, pampu ya maji, thamostati iliyokwama ikiwa imefunga, na njia za maji zilizojaa kutu.

(c) Maji yamechemka. Katika usawa wa bahari, kama Dar es Salaam, maji huchemka kwa nyuzi 100. Kwa kila mita 300 za kupanda, kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi 1. Hivyo Njombe, iliyo juu ya mita 1,800, maji yaliyo wazi huchemka kwa kiasi cha nyuzi 94. Kifuniko cha rejeta huyabana maji ili yasichemke mapema. Mpira wa kifuniko ukichakaa, kinga hiyo huondoka, na gari lisilosumbua pwani laweza kutoa mvuke huku Njombe ingawa injini haina ubovu wowote. Dawa yake ni kifuniko kipya.

Mfasiri akitumia kuchemsha kwa (b) na (c) pamoja, aweza kumfanya msomaji afungue injini nzima kwa ajili ya kifuniko. Kinyume chake ni hatari zaidi. Maji yakiisha, kipimo cha geji hubaki katika hewa na mvuke, na mshale waweza kushuka badala ya kupanda. Dereva aliyefundishwa kwamba "kuchemsha" ni kutoa mvuke huona utulivu, akaendelea na safari hadi injini inanoki.

Neno la pili linalostahili kuangaliwa ni kuziba. "Rejeta imeziba" maana yake uchafu umezuia maji kupita. "Fundi ameziba rejeta" maana yake ametengeneza tundu lililokuwa likivuja. Kitenzi ni kimoja, lakini kazi mbili hizo zapingana: moja yataka njia ifunguliwe, nyingine yataka tundu lifungwe. Mtumishi wa ofisi aandikapo "rejeta inahitaji kuzibwa" ilhali imejaa tope, atalipia kazi isiyohitajika na gari litarudi likiwa na ugonjwa uleule. Afadhali kuandika "rejeta isafishwe" au "tundu la rejeta lizibwe".

Hali kadhalika, tutofautishe kuvuja na kupungua. Maji yanayovuja huacha alama chini ya gari au kwenye mpira wa maji. Maji yanayopungua bila alama yoyote humwelekeza fundi kwenye gasketi ya silinda hedi.

Katika haya yote, hatupendekezi kubuni istilahi mpya kwa vitu ambavyo tayari vina majina. Rejeta, feni, gasketi, geji na thamostati zimekwisha kupata uraia katika Kiswahili, nazo zapokea viambishi vyetu bila taabu. Kinachohitajika ni kugawa maana: kupata moto kwa hali ya kawaida; kupata moto kupita kiasi kwa hitilafu ya injini; kuchemka kwa maji peke yake. Kuchemsha kubaki katika mazungumzo, ambako fundi yupo wa kuuliza maswali.

Mwisho, twawasihi wafasiri wazingatie maneno ya onyo kuliko mengine yote. Sentensi "gari likichemsha, fungua kifuniko uongeze maji" ni sahihi kwa sarufi, lakini aitiiye papo hapo aweza kuungua uso na mikono, kwa kuwa maji yaliyobanwa huruka mara kifuniko kilegeapo. Tena, maji baridi yakimiminwa ghafla katika injini yenye moto mkali, yaweza kupasua silinda hedi. Iandikwe hivi: "Simamisha gari. Zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta mpaka injini ipoe." Sentensi fupi, kila moja na kitendo chake, na kwa mpangilio ambao mikono itaufuata.