Unataka Kuwa Daktari wa Wanyama? Anza Sasa!

Saa nane usiku. Ng'ombe wa jirani anahangaika kuzaa, ndama amekaa vibaya. Daktari wa mifugo anafika na pikipiki, anavua shati, anapaka sabuni mkono mzima, anamgeuza ndama taratibu. Mara ndama yuko chini, mama yake anamlamba. Wewe umeshika tochi, na moyoni unasema: hii kazi naiweza!

Ukiwaambia wenzako shuleni, wanacheka. "Yaani usome miaka yote hiyo ukadunge ng'ombe sindano?"

Wasikutishe. Kichaa cha mbwa, kimeta, brusela, yote hutoka kwa wanyama na kuingia kwa watu. Homa ya Bonde la Ufa iliua watu Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007. Na kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Anayechanja mbwa wa kijiji anaokoa watoto wa kijiji.

Nianzie wapi?
Biolojia na Kemia. Ukiikimbia Kemia Kidato cha Tatu eti ni ngumu, umejifungia mlango mwenyewe. Kidato cha Tano, kombi kama PCB au CBG hukuweka njiani. Kabla ya kuomba, soma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka huo, maana sifa hubadilika. Maombi unayatuma chuoni kwenyewe.

Nichague chuo gani?
Kwa Tanzania, nenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984. Shahada ni miaka 5. Kwa majirani kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, na Makerere kule Kampala.

Wengi huchagua mji, si chuo. "Nairobi kuna raha!" Sawa, lakini jiulize kwanza:

1. Shahada hiyo inatambuliwa nyumbani? Tanzania, Baraza la Veterinari ndilo linalosajili madaktari wa wanyama. Bila usajili, cheti chako ni karatasi tu.

2. Nitashika wanyama kweli? Uliza kama kuna hospitali ya wanyama, shamba la mifugo, na mafunzo ya kukagua nyama machinjioni. Huwezi kujifunza kuzalisha ng'ombe ubaoni.

3. Nani atalipa? Piga hesabu ya ada, chakula, malazi, nauli na mabuti ya mpira kwa miaka yote 5, si mwaka wa kwanza tu. Kama unategemea mkopo wa serikali, uliza mapema kama utalipia chuo cha nje. Kaa na wazazi, mwambiane ukweli. Kuacha chuo mwaka wa tatu kwa kukosa ada kunauma kuliko kukosa nafasi.

Na alama zisipotosha?
Usikate tamaa. Vyuo vya mifugo vya serikali (LITA), kama Tengeru, Mpwapwa na Buhuri, hutoa stashahada kwa waliomaliza Kidato cha Nne wenye ufaulu unaotakiwa. Unapata kazi, unazoea wanyama, na ukifaulu vizuri unaweza kuomba shahada baadaye.

Je, wasichana wanaweza?
Tena sana! Hakuna mtu, hata mwanamume, anayemshinda fahali kwa nguvu. Anafungwa kamba, anaingizwa kwenye kibanio. Kazi ni akili na utulivu.

Fanya hivi wiki hii
Mtafute afisa mifugo wa kata yako, mwombe umfuate kazini siku moja. Shikamoo kwanza! Usiguse mnyama aliyekufa ghafla, na nawa mikono kwa sabuni. Ukirudi jioni umechafuka, unanuka zizi, na bado unacheka, basi hiyo ndiyo kazi yako. Kafungue daftari la Kemia.