Shule Nne, Geti Moja

Shule zinapounganishwa, kazi nyepesi kuliko zote ni kubadilisha kibao cha getini. Wakubwa wa elimu hupiga hesabu ya madarasa, madawati na walimu, hesabu ikikubali hudhani wamemaliza. Kisa cha Risinghill, sekondari iliyofunguliwa Islington, London, mwaka 1960, kinatuonyesha kinachosahaulika katika hesabu hiyo.

Sheria ya elimu ya mwaka 1944 iliwapa watoto wa Uingereza sekondari ya bure, ila mfumo uliojengwa juu yake uliwachuja mapema. Wakifika miaka 11 walifanya mtihani: wachache waliofaulu vizuri walikwenda shule za kitaaluma zilizofungua njia ya chuo kikuu, baadhi shule za ufundi, na waliobaki, ambao ndio wengi, walipelekwa shule za kawaida ambazo kila mzazi alijua maana yake. Baraza la London likaamua kujenga shule kubwa za kupokea watoto wote bila kuwachuja, na kwingine likazijaza kwa kuunganisha shule zilizokuwepo.

Risinghill ilikusanya nne: Bloomsbury na Northampton zilizokuwa za ufundi, pamoja na Ritchie na Gifford. Baadhi zilikuwa za wasichana pekee, nyingine ya wavulana, nyingine mchanganyiko. Hebu fikiria chumba cha walimu asubuhi ya kwanza. Kila mmoja ana neno lake la kuanzia: "Kwetu tulikuwa tunafanya hivi." Kwetu wapi, na wote sasa wako kwetu pamoja? Kwa maoni yangu, neno hilo moja huvunja shule mpya haraka kuliko uhaba wa fedha. Juu ya hayo, madarasani walikaa watoto wa wahamiaji kutoka Cyprus, Wagiriki na Waturuki, na mwishoni mwa 1963 ndugu zao kule kisiwani walianza kuuana.

Mwalimu mkuu alikuwa Michael Duane, mzaliwa wa Dublin. Alifuta bakora. Katika shule iliyotokana na shule nne, hili halikuwa jambo la huruma tu. Adhabu ndiyo mila ambayo mwalimu huishika kwa nguvu kuliko zote, na Duane alitaka walimu waiache kabla hawajakubaliana hata namna ya kuita majina. Wapo waliomfuata kwa moyo, wapo waliomwona amewanyang'anya silaha mbele ya darasa. Wakaguzi wakaandika ripoti kali, magazeti yakaingilia. (Bakora ilikuja kupigwa marufuku kisheria katika shule za serikali mwaka 1987.)

Mwaka 1965 Risinghill ikafungwa, ikiwa na umri wa miaka mitano. Mwezi Julai mwaka huohuo, waziri wa elimu Anthony Crosland alizitaka mamlaka za elimu nchini zipange kuanzisha shule za wote. Duane hakupewa tena shule ya kuongoza. Mwandishi Leila Berg aliandika kitabu kuhusu mkasa huo, kikatoka 1968 na kuzua mjadala mkubwa.

Majengo yakachukuliwa na shule ya wasichana ya Starcross, nayo mwaka 1981 ikaunganishwa na Barnsbury. Safari hii zilikutana shule mbili za wasichana tu, na jina jipya halikutoka upande wowote: Elizabeth Garrett Anderson, aliyepata leseni ya udaktari mwaka 1865, wakati vyuo vya tiba vya Uingereza vikiwafungia wanawake milango. Hakuna aliyeweza kusema jina hilo ni la kwao. Shule hiyo ipo hadi leo, na Aprili 2009 Michelle Obama aliitembelea. Risinghill imebaki jina la mtaa.