Dawa za Asili na PCOS: Kabla Hujang'oa Mbaazi Upande Mnanaa

Siku hizi hapa Singe naulizwa sana kuhusu mnanaa, uwatu na mdalasini. Vijana wameona mitandaoni kwamba mimea hii "inatibu PCOS", wanataka kujua kama kuna hela. Mmoja ameahidiwa soko kwa simu tu, na tayari anataka kung'oa ekari nzima ya mbaazi. Tuelewane kwanza.

PCOS ni homoni kuvurugika kwa mwanamke. Hedhi inaruka miezi, ndevu na chunusi zinatokea, mayai hayapevuki vizuri na mimba inachelewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata asilimia 6 hadi 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Kwa hiyo wateja wapo. Ila ni wagonjwa, na wengine wanatafuta mtoto kwa machozi. Mtu wa hivyo humuuzii maneno.

Utafiti unasemaje?

Mnanaa: mwaka 2010 nchini Uingereza, wanawake wapatao 40 walijaribiwa, baadhi yao wakinywa chai ya mnanaa mara mbili kwa siku kwa mwezi mmoja. Homoni ya kiume kwenye damu ilishuka, lakini nywele za usoni zilipopimwa hazikuonyesha tofauti ya maana.

Mdalasini: mwaka 2014 nchini Marekani, wanawake 45 walijaribiwa kwa miezi 6. Waliopewa gramu 1.5 kwa siku walipata hedhi mara nyingi zaidi kuliko wenzao.

Dalili ni nzuri, ila watu ni wachache mno kusema "inatibu". Na uwatu je? Unaweza kushusha sukari, kwa hiyo anayetumia dawa za kisukari aongee na daktari kwanza. Mjamzito asiutumie kama dawa.

Msidhani nadharau mimea. Metformini, kidonge wanachopewa baadhi ya wenye PCOS, asili yake ni mmea wa jamii ya kunde, Galega officinalis. Kondoo akiula mbichi unaweza kumuua. Wanasayansi walitengeneza maabara kemikali inayofanana na za mmea huo, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari. Kati ya jani na dawa kuna kupima kiasi na usalama.

Sasa tuje shambani.

1. Mdalasini unataka joto na unyevu kama wa Zanzibar au milima ya Tanga na Morogoro. Kwa Babati usijisumbue.

2. Mnanaa unawezekana kama una maji ya uhakika. Panda vipandikizi, na weka tuta lenye mpaka maana unatambaa. Vuna unapokaribia kutoa maua, kausha kivulini. Kumbuka majani haya yanakwenda moja kwa moja kwenye kikombe, hivyo usipulizie sumu ovyo.

3. Uza kama kiungo au majani ya chai, na fuata utaratibu wa TBS. Ukiandika kwenye pakiti "inatibu PCOS", umeingia kwenye Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na hapo unahitaji usajili wa Baraza.

4. Anza na robo ekari au chini yake. Dai mkataba wa maandishi wenye bei, kilo na tarehe. Mnakumbuka mbaazi mwaka 2017: India ilipobana uagizaji, bei ilianguka na magunia yakabaki stoo. Hiyo ilikuwa mbaazi, ambayo walau unaweza kuipika nyumbani. Gunia la mnanaa mkavu utalipeleka wapi?

Na wewe dada unayesoma hapa huku hedhi imepotea miezi mitatu: chai ya mnanaa kunywa ukipenda, lakini usiifanye sababu ya kuchelewa hospitali. Hedhi kupotea ina sababu nyingi, na jani halikupimi. Nenda ukapimwe kwanza.

Kazi njema, tukutane shambani.