WAZEE, MKOJO UKISUMBUA MSIFICHE

Leo nataja mambo ya sehemu za siri. Mimi ni mtoto wenu, lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Kila mwanamume ana tezi chini ya kibofu cha mkojo. Huitwa tezi dume. Hutoa majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Njia ya mkojo hupita katikati yake. Tezi ikikua, huibana njia hiyo.

Kwa nini hukua? Korodani hutengeneza homoni za kiume. Homoni husafiri katika damu na kupeleka amri. Hupita mwili mzima, lakini chembe inayotii ni ile yenye kipokezi tu. Kipokezi ni kama kufuli. Homoni ni ufunguo wake. Ufunguo ukiingia, chembe za tezi hukua.

Wataalamu walijuaje? Mwaka 1941 Daktari Charles Huggins, huko Chicago, Marekani, alionyesha kuwa kansa ya tezi dume hunywea homoni hizo zikipunguzwa. Mwaka 1966 alipewa Tuzo ya Nobel.

Baadaye wengine walitafuta makufuli yenyewe. Walichukua vipande vya tezi vya wagonjwa waliopasuliwa. Walivisaga vikiwa katika barafu, kwa sababu vipokezi huharibika upesi penye joto. Kisha walichanganya na homoni iliyotiwa alama ya mnururisho. Homoni isiyonaswa waliiondoa. Mashine ikapima iliyonaswa. Hivyo walijua wingi wa vipokezi.

Kazi hiyo ina faida gani kwetu? Leo ziko dawa zinazoingia katika kufuli bila kulifungua. Homoni ikija hukuta mahali pake pamejaa. Dawa nyingine huzuia korodani kutengeneza homoni. Lakini baadhi ya kansa hubadili makufuli yao, zikaanza kukua tena. Kwa hiyo mgonjwa hurudi kupimwa, hata akijisikia vizuri.

Tezi kukua si lazima iwe kansa. Mara nyingi ni kwa sababu ya umri. Si uchawi. Lakini kwa macho huwezi kujua ni ipi. Lazima upimwe.

Dalili ni hizi:
- Kuamka mara nyingi usiku kukojoa.
- Mkojo kutoka polepole au kwa kukatika.
- Kuona kibofu bado kimejaa baada ya kukojoa.
- Damu katika mkojo.

Ukiona moja, nenda zahanati. Mkojo ukiziba kabisa, usingoje kesho. Mkojo uliozuiwa huumiza figo.

Nanyi akina mama na vijana, mzee akitoka nje kila mara usiku, msimcheke. Msindikizeni zahanati.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI
1. Kipokezi kinafanana na nini?
2. Kwa nini wazee wengi huficha ugonjwa huu?
3. Kijiji chetu kifanye nini mkojo wa mtu ukiziba usiku?