Binti wa Roketi ya Kwanza

Kasesya ni mahali ambapo barabara itokayo Sumbawanga kupitia Matai hufika mpakani, na nchi ya Zambia huanza. Wengi wa huku wana mashangazi na wakwe ng'ambo, kwa hiyo habari za Zambia ni habari za jirani. Mojawapo inamgusa kila mama mwenye binti.

Mwaka 1964, Zambia ilipopata uhuru, mwalimu na mpigania uhuru aitwaye Edward Mukuka Nkoloso alitangaza kwamba nchi yake nayo itapeleka watu mwezini, na hata kwenye sayari ya Mirihi. Karibu na Lusaka aliwafunza vijana kwa vifaa alivyokuwa navyo. Aliwatia ndani ya pipa la mafuta na kuwabingirisha mteremkoni. Aliwabembeza kwa kamba, kisha akaikata wakiwa juu, ili waonje hali ya mwili kukosa uzito. Magazeti ya nchi za nje yalicheka, na fedha alizoomba hazikuja.

Kati ya wanafunzi hao alikuwamo msichana, Matha Mwamba, aliyeteuliwa kupanda roketi ya kwanza. Alipata mimba. Wazazi wake wakaja, wakamrudisha nyumbani. Nkoloso alifariki mwaka 1989, na hadi leo wapo wasemao mpango wake ulikuwa mzaha, na wapo wasemao alimaanisha. Lakini binti kuacha masomo kwa sababu ya mimba si mzaha katika kijiji chochote.

Mama aliyesimamia setilaiti

Hebu tutazame upande wa Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Mahali hapo pako jirani na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huiongezea roketi mwendo. Setilaiti iliyobebwa ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, nayo ilionyesha mamia ya vyanzo vya miale hiyo.

Msimamizi wa mradi huo katika shirika la anga la Marekani, NASA, alikuwa mhandisi Marjorie Townsend, mke wa mtu na mama wa watoto wanne. Alihitimu mwaka 1951, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington.

Mama msomaji, hatuna sababu ya kudhani Matha alimpungukia Marjorie kwa akili. Mmoja alizaa na akaendelea, mwingine mimba ilikuwa mwisho wa mafunzo yake.

Zambia iliwafungulia njia wasichana waliozaa kurudi shuleni mwaka 1997. Tanzania ilitangaza hivyo Novemba 2021. Lakini tangazo peke yake halimrudishi binti darasani. Yuko wapi atakayebaki na mjukuu asubuhi? Nani atazungumza na baba aliyekasirika, na nani atakwenda kumwona mwalimu mkuu? Mara nyingi mtu huyo ni mama. Ikiwa nyumbani kwako yuko binti aliyeacha shule kwa sababu hiyo, kaa naye jioni ya leo, umwulize kama bado anataka kusoma.